Kikombe cha Bluu, Mdomo Chini

Jumatatu, 3 Mei

Kwako Kimya,

Salamu utanidai. Leo nikianza habari za hujambo-sijambo nitaishia kuchana karatasi. Sijui hata kama bado unaishi hapo. Anwani hii alinipa mkeo siku tulipomzika Mama, akaniambia niiweke, iko siku nitaihitaji. Niliiweka kwa kumwonea aibu yeye. Nia ya kukuandikia sikuwa nayo.

Juzi Jumamosi nilikwenda mazoezini kama kawaida. Bado tunafanyia kule kule, gereji ya Mjomba, na bado paa linavuja upande wa ngoma. Nikafungua mlango, nikatundika mkoba, nikageukia mezani nijimiminie chai. Nakuta kikombe changu kimepinduliwa. Mdomo chini!

Changu mimi, Kimya! Kile chekundu, nilichokiandika TARUMBETA kwa rangi ya kucha kwa mkono wangu mwenyewe. Vya wenzangu vyote vimekaa sawasawa, vinanitazama. Jamani! Nikajishikilia spika.

Maana yake unaijua, ulikuwepo nilipoianzisha. Unakumbuka yule mpiga gitaa wetu wa kwanza alivyolia mbele yetu tulipomwambia hatumtaki? Kamasi zikamwagika mpaka kwenye nyuzi. Nikasema sitamwambia tena mtu neno kama lile usoni. Tukakubaliana: tukimchoka mtu, kikombe chake kinapinduliwa. Akikikuta hivyo hakigusi, haulizi, anachukua chombo chake anakwenda zake. Hakuna machozi, hakuna kutukanana. Kwa njia hiyo nimewaaga wapiga gitaa sijui wangapi, wa kinanda, yule wa saksafoni aliyetuganda mwaka mzima, na wapiga besi ndiyo usiseme. Tangu uondoke wewe, kiti cha besi hakikaliki. Wa mwisho alikwenda kuoa mwezi uliopita, hajarudi.

Na mimi nikafuata sheria yangu. Sikukigusa, sikuuliza. Nikachukua mkoba nikatoka. Uani nikampita Nyundo wa ngoma. Tumeanza naye tangu hana ndevu, tukapiga naye ngoma na kuimba mpaka zimeota mvi. Akainamisha uso akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara!

Sasa nakuandikia wewe kwa sababu kati ya wote waliopita Vumbi, bendi yetu hii, wewe peke yako uliondoka kwa hiari yako. Hukupinduliwa. Ulikula kona wiki ya ziara yetu ya kwanza kubwa, mabango yameshabandikwa, ukaniacha jukwaani bila besi nikiimba kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyong'olewa mbao. Nilikuchukia kwa hilo, sikufichi. Lakini leo naomba unifundishe. Uliwezaje? Mtu anatokaje Vumbi asirudi hata kuchungulia? Maana mimi sina mume, sina mtoto, nina bendi. Leo si siku ya mazoezi, na nimejikuta nimeshavaa viatu vya kwenda.

Dada yako,
Tarumbeta

*

Jumanne, 11 Mei

Dada,

Barua yako niliisomea dukani nikiwa nimesimama, pasi ya kulehemu mkononi. Nimeunguza redio ya mteja. Mimi huwa siunguzi.

Kwa hiari yangu?

Nimeyarudia maneno hayo mpaka mke wangu akaniuliza ninaongea na nani. Dada, kikombe changu kilipinduliwa. Kile cha bluu, kilichobanduka rangi kwenye kishikio. Nilifika asubuhi, gereji iko wazi, ndani hakuna mtu, na kikombe changu kiko kwenye kona ya meza mdomo chini. Wewe unaniambia leo, mvi zimeshajaa kichwani, kwamba niliondoka mwenyewe?

Jana yake tuligombana mimi na wewe. Nilikuambia ule wimbo wa kufungulia unaukimbiza, upunguze mwendo. Ukaniambia anayejua kuimba aje asimame mbele. Kwa hiyo nilipokiona kikombe sikuwa na haja ya kujiuliza ni nani. Nilijua ni wewe. Nilisimama mlangoni. Sikukigusa, sikuuliza. Si ndiyo sheria? Nikachomoa gitaa langu ukutani nikaenda kituoni, nikapanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka, bila hata kusoma linakwenda wapi. Ndiyo sababu naishi huku.

Mama nilimwambia nimepata kazi. Alinitazama akasema, "Mkaulizane." Na wewe alikuambia hivyo hivyo? Siku ya msiba wake tulisimama bega kwa bega, ukaniuliza viti vinatosha, nikasema vinatosha. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya umri mzima.

Mimi ni fundi redio, unajua. Kila redio nikiimaliza lazima niijaribu. Ikitokea sauti yako, nageuza kitufe. Wateja wanadhani sipendi roki.

Unaniuliza mtu anatokaje kwa hiari yake. Sijui. Sijawahi kutoka hivyo.

Namba yangu ya simu iko hapo chini. Nipigie. Hili si jambo la barua.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 17 Mei

Mdogo wangu,

Masalale! Nimeisoma barua yako kitandani, nimeisoma dirishani, nimeisoma jikoni mpaka sufuria ikaungua. Naona mwaka huu ni wa kuunguza tu katika familia yetu.

Hatukukupindua. Naapa kwa kaburi la Mama, Kimya, hakuna aliyekupindua! Nani angefanya hivyo? Tuligombana, ndiyo, na sisi tuligombana lini tusipatane kwa chai? Jioni ile nilikuja mazoezini nimeshaupunguza ule wimbo, nimeufanyia mazoezi njiani mpaka watu wananigeukia. Nikakuta ukutani kuna msumari mtupu. Nikasema, haya, ndugu yangu ametuuza. Hata nguo zako nilimwambia Mama azigawe.

Sasa kaa chini. Hivi hukuwahi hata mara moja kusikia kisa cha nge?

Najua, ulikuwa unageuza kitufe. Lakini kila mtu mwingine anakijua. Nyundo hukisimulia kila maadhimisho ya bendi, hukisimulia redioni, hukisimulia jukwaani tukibadilisha nyuzi. Wiki ya ziara ile, yeye amenunua viatu vyake vyeupe vya jukwaani, amewahi gereji asubuhi ili avijaribu peke yake. Mara nge huyo anatambaa mezani! Nyundo hataki kuchafua viatu vipya, basi anampiga nge kikombe, anamfunika, anakimbilia kwa jirani kuazima ndara ya kumuulia. Jirani naye anamtengea chai na kuanza hadithi za goti lake. Hapo Nyundo huigiza: goti, chai, ndara, goti tena. Anaporudi, nge yuko pale pale chini ya kikombe, anamuua, anakikalisha kikombe sawasawa, na kiatu hakina hata doa. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu.

Na mimi hucheka, Kimya. Nimesimama pale mbele na kipaza sauti nikicheka miaka yote hii, na ilikuwa ndiyo asubuhi ile.

Nilibeba barua yako mpaka kwake. Ndiyo, nilikwenda, ingawa sikuwa nimesema naye tangu kikombe changu. Nilimsomea mlangoni. Nikamuuliza, "Ulimfunika nge na kikombe cha nani?" Akasema, "Kilichokuwa karibu." Nikamwambia, "Rangi gani?" Unamjua Nyundo, mtu wa maneno yasiyokatika. Alikaa kwenye ngazi akashika tama, na mkewe akaja akidhani nimeleta habari ya kifo. Mwishowe akasema, "Cha bluu. Lakini Tarumbeta, mimi nilikuwa na nge, sikuwa na mtu." Kisha akalia kama mtoto, mbele ya wajukuu.

Yaani ungekifunua tu! Ungekifunua tu kile kikombe, nge angekudunga kidole, ungepiga yowe, ungetukanana na Nyundo, na jioni tungefanya mazoezi. Nimekaa hapa najaribu kulia, machozi hayatoki. Yamepigwa na butwaa na yenyewe.

Simu siipendi siku hizi, inanichosha. Niandikie.

Dada yako

*

Jumanne, 25 Mei

Dada,

Nge.

Mimi nimetoka kwenye bendi yangu, kwa dada yangu, kwenye mji wetu, kwa ajili ya nge na viatu vyeupe.

Nilifunga duka mchana kweupe nikaenda nyumbani. Mke wangu aliponiona akauliza nani amefariki. Nikamsimulia yote. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwambia kwa nini niliacha muziki, nilimwambia tu nilichoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa kwa nini hukuuliza?" Nikaanza kumweleza sheria. Katikati ya maelezo nikajisikia mjinga. Yeye hakuwahi kuwa mtu wa Vumbi, ndiyo maana anaona vitu kirahisi.

Nina hasira, Dada. Sijui nimkasirikie nani. Nyundo alikuwa na nge. Wewe ulikuwa na wimbo. Nge mwenyewe alikufa siku ile ile. Najikuta naikasirikia meza.

Jumapili nikapiga moyo konde. Kulikuwa na redio ya mteja iliyokwisha kutengenezwa, nikaiwasha, wakawatangaza nyinyi, tamasha mlilofanya Aprili. Mkono ukaenda kwenye kitufe nikaurudisha. Nikakusikiliza kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sauti ni ile ile, Dada, bado inakwaruza pale pale ninapopapenda. Lakini kuna kitu. Unaingia kabla ya gitaa. Ubeti wa pili sauti yako ilikuwa chini ya noti za kinanda, na wewe hukujua, uliendelea kwa raha zako. Nilidhani redio ina ugonjwa. Nikaifungua upya, nikaipima yote. Redio ni nzima.

Halafu nikakumbuka simu. Namba nimekuandikia, hupigi, unasema inakuchosha. Wewe? Wewe ambaye Mama alikuwa akija kukung'oa kwenye simu ya jirani kwa kukuvuta kanga?

Sikio lipi?

Na hicho kikombe chako chekundu, nenda kaulize. Usifanye nilivyofanya mimi. Ingia, kishike, uwatazame usoni uwaulize ni nani na kwa nini. Wakikuambia ni nge, mtacheka. Wakikuambia si nge, angalau utakuwa umeambiwa na watu. Mimi nilifukuzwa na kikombe cha bati.

Kimya

*

Alhamisi, 3 Juni

Mdogo wangu,

La kushoto lote. La kulia nusu, na hiyo nusu inapungua.

Ala, wewe ni fundi kweli! Madaktari walinizungusha miezi na mashine zao, wewe umeyapima masikio yangu kupitia redio ya mtu. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nikitazama midomo ya watu, nikitazama mkono wa Waya, mpiga gitaa wetu wa sasa, nijue tumefika wapi. Yule binti ana vidole virefu, vinasomeka vizuri. Nikajidanganya kwamba hakuna anayejua. Kumbe kila mtu anajua, ila hakuna wa kusema, maana nani anathubutu kumwambia Tarumbeta usoni?

Nilikwenda Jumamosi. Nilisimama nje ya gereji nikajikaza kisabuni, nikaingia. Wote walikuwepo. Kikombe changu kilikuwa pale pale mdomo chini, hakuna aliyekisogeza tangu siku ile, hata vumbi kilikuwa nalo. Nikakinyanyua. Waya akapiga ukelele mdogo, niliuona. Chini hakukuwa na nge.

Nikauliza, "Nani?"

Kimya, walitazamana kama watoto waliovunja dirisha. Nyundo ndiye aliyesimama. Akanikaribia, akaniongelea upande wa kulia, polepole, kumbe na sikio zuri anajua ni lipi! Akasema, "Mimi. Wote tulikubaliana, lakini mkono ni wangu." Nikamwuliza kwa nini. Akasema husikii, Tarumbeta. Unaanzia huku sisi tuko kule. Tunakukimbilia wimbo mzima hatukupati. Watu wa mbele walishaanza kucheka mwezi wa nne, ukadhani wanafurahi.

Walicheka, kweli? Nami niliwapungia mkono!

Nikamwambia, "Ungeniambia." Akasema, "Wewe ndiye uliyetufundisha tusiseme." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekueleza choo kiko wapi. Nilikaa kwenye kiti cha ngoma nikawaona wote niliowapindulia vikombe, mmoja mmoja, wakichukua vyombo vyao wakitoka kimya kimya, na mimi nikijisifu kwamba hakuna aliyelia. Walikwenda kulia wapi?

Basi tumesema. Tumesema kila kitu, kwa mdomo, wengine kwa kupiga kelele ili nisikie. Waya amelia, wa kinanda amelia, Nyundo siku hizi ni kulia tu. Tumepatana hivi: maadhimisho ya tarehe kumi na tisa naimba mimi, kisha kipaza sauti anapewa Waya. Si kwamba nimefurahi. Nikiamka asubuhi nakumbuka, na moyo unashuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Lakini nimeambiwa na watu.

Sasa nikuambie nami kwa mdomo, ingawa ni kalamu. Besi hatuna. Sitaki mtoto wa kuazima. Nakutaka wewe.

Dada yako

*

Jumanne, 8 Juni

Dada,

Gitaa lilikuwa nyuma ya kabati. Nyuzi zimekula kutu. Nimeweka mpya. Vidole vyangu ni vya kushika skrubu sasa, vimekakamaa, jana nilipiga ule wimbo wa kufungulia na mke wangu akaniuliza kama nahamisha fanicha.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Lakini sikiliza, hili ni la ufundi. Besi haihitaji sikio, inapanda kwa nyayo. Zamani ulikuwa ukisimama upande wangu na ulikuwa ukipenda kuvua viatu, nikidhani ni madoido. Baada yangu waliwapanga wa besi upande ule mwingine, nimeona kwenye picha za magazeti. Nikija, spika yangu ikae kwenye mbao, karibu nawe, na wewe uvue viatu.

Nimesema nikija. Sijasema nakuja.

Kimya

*

Ijumaa, 11 Juni

Kimya,

Umeshasema. Mtu haweki nyuzi mpya kwa ajili ya kabati.

Mazoezi ni Alhamisi saa nane mchana. Leta vidole hivyo hivyo vilivyo. Mlango unaujua.

Dada

*

Jumanne, 22 Juni

Dada yangu,

Nimefika salama. Vidole vimevimba, mke wangu ameviloweka kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mwandiko unakwenda upande.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa huko, kwa sababu kila nikitaka kusema kulikuwa na mtu ananikumbatia. Uliniuliza siku ya mazoezi kwa nini nilikuwa nimeganda mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Nikakuambia jua lilikuwa linanipiga machoni. Si kweli. Jua lilikuwa mgongoni.

Nilifika saa nane kasoro, mlango uko wazi. Wewe na Waya mlikuwa mmeinamia nyaya, mmenipa mgongo. Nikatazama mezani kabla sijatazama watu. Huo ni ugonjwa wangu. Na pale mezani, kwenye kona ile ile, kikombe changu cha bluu. Sikujua hata kama kipo bado. Kimepinduliwa, mdomo chini.

Dada, roho iliniruka. Sikuona chekundu chako pembeni yake, wala cha Nyundo, wala vya wale vijana, kwamba vyote vimepinduliwa, safu nzima. Nyundo alikuja kunieleza baadaye kwamba ndiyo amri yako mpya, vyote vikae hivyo kila siku, vya kila mtu, ili kikombe kisimwambie mtu kitu tena. Amri nzuri. Lakini ulisahau kumwandikia mtu mmoja! Mimi nilikiona changu tu. Mkono ukakaza kwenye mkanda wa gitaa, mguu mmoja ukarudi nje. Naapa, mguu ulikuwa nje. Basi linaondoka saa tisa, nililijua.

Ndipo nikauliza. Sauti yenyewe haikutoka sawasawa, ilitoka kama ya mtu mwenye homa. Nikasema, "Nimefukuzwa?" Ulikuwa unazungusha waya, hukugeuka. Nikasema tena, kwa sauti kubwa kidogo kuliko hapo. Hukugeuka. Na mimi nikaanza kufikiri yale yale ya zamani: anasikia, hataki kunijibu. Yaani nimepanda basi siku nzima, najua kila kitu kuhusu sikio lako, niliyeligundua ni mimi, na bado kichwa kiliniambia hataki kunijibu.

Basi nikapiga kelele. Mimi, mliyeniita Kimya. Nilipiga kelele mpaka yule jirani wa goti akatoka nje na mkongojo wake: "DADA! NIMEFUKUZWA?"

Hiyo ndiyo uliyoisikia wewe. Ulidhani ni ya kwanza. Ilikuwa ya tatu.

Ukageuka ukanitazama, na ukanijibu kwa sauti kama ile, maana wewe siku hizi hujui kusema polepole: "NANI AMEKUAMBIA? INGIA NDANI!" Waya akaacha kila kitu akaziba masikio. Ndipo nikaingia, na ndipo mlipoona nimelowa uso, nikasema ni jua.

Ningeweza kuuliza hivyo siku ile, Dada. Swali lenyewe ni neno moja. Hilo ndilo linalonikalia kifuani tangu nirudi, hata tamasha halijaliondoa, ingawa tamasha lenyewe nitalikumbuka mpaka nife. Ulivyosimama pale bila viatu, ukaniangalia, ukauingia wimbo wa kufungulia kwa mwendo wake, polepole, kama nilivyokuomba siku moja kabla ya nge. Hukuniacha hata hatua moja. Nyundo alipoanza kisa chake watu wakapiga makofi, akafika kwenye kikombe akashindwa kuendelea. Watu wakadhani ni mchezo mpya.

Sasa la mwisho. Baada ya kukukabidhi maua na kumkabidhi Waya kipaza sauti, ulipokwenda kukaa na mke wangu aliyenifuata siku ya tamasha, wenzetu waliniita pembeni. Wanataka nibaki. Besi ya Vumbi, kila Jumamosi, kama zamani. Mimi niingie siku uliyotoka wewe. Nimelitaka hilo tangu nilipokuwa kijana, na wamenipa siku hiyo hiyo.

Nimewaambia kuna mtu lazima nimwulize kwanza, na si kwa barua. Nakuja Jumamosi. Kaa upande wa kushoto wa meza, ili sikio la kulia nilipate mimi, na uwaambie majirani mapema kwamba kutakuwa na kelele.

Mdogo wako,
Kimya